Je, Shirika la Nyumba la Halmashauri Linabanwa na Sheria ya Kupata Taarifa? Mwongozo kwa Wapangaji wa England

Mpangaji wa nyumba ya halmashauri nchini England mara nyingi hana yakini mwenye nyumba wake ni nani. Barua za kodi huja na nembo ya kampuni moja, mkataba wa upangaji una jina la halmashauri, na fundi anayekuja kuziba bomba ametumwa na kampuni ya tatu. Siku atakapotaka kuona ripoti ya ukaguzi wa moto au mchanganuo wa gharama za ukarabati, jambo la kwanza litakalomtatiza si aombe nini, bali amwombe nani, na kama huyo anayeombwa analazimika kisheria kujibu.

Haki yenyewe imo katika Sheria ya Uhuru wa Taarifa ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Januari 2005. Msomaji aliyezoea sheria za kwetu aondoe hofu moja mapema: sheria za Kenya na Tanzania, zote za mwaka 2016, zinampa haki hiyo raia, ilhali ya Uingereza inampa mtu yeyote, awe raia au mgeni, awe ndani ya nchi au nje yake. Mwombaji hadaiwi sababu ya ombi lake wala hati za ukaazi.

Sheria hiyo inazibana "mamlaka za umma" peke yake. Halmashauri ni mamlaka ya umma bila ubishi. Ugumu uko kwa mashirika yanayosimama kando yake, ambayo hayatafuti faida, yanatumia fedha za kodi za wapangaji wa halmashauri, na yana madiwani kwenye bodi zao. Watu wengi huzitazama dalili hizo tatu na kuhitimisha kwamba shirika ni la umma. Kisheria hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha. Kwa shirika ambalo halikutajwa kwa jina wala kwa aina katika jedwali la sheria, kipimo kiko kwenye kifungu cha 6: kampuni ni mamlaka ya umma ikiwa inamilikiwa yote na sekta ya umma, yaani haina mwanachama mwingine yeyote isipokuwa mamlaka za umma, kampuni zinazomilikiwa nazo, au watu wanaoshika nafasi hiyo kwa niaba yao. Mwanachama mmoja wa nje anatosha kuitoa kampuni nzima. Zamani hata kampuni iliyomilikiwa na halmashauri mbili kwa pamoja ilikuwa ikiponyoka, kwa sababu kifungu kilizungumzia mmiliki mmoja; pengo hilo lilizibwa na marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2013.

Hapa msomaji atenganishe wanachama na wakurugenzi. Kampuni nyingi za aina hii hazina hisa. Zina wanachama wanaoahidi kulipa kiasi kidogo tu iwapo kampuni itafilisika, na hao ndio wamiliki machoni pa sheria. Wakurugenzi wanaokaa kwenye bodi wanaweza kuwa wapangaji, madiwani au wataalamu wa nje, na mchanganyiko wao haubadilishi jibu hata kidogo. Derby Homes na Berneslai Homes ya Barnsley, zilizoundwa mwaka 2002 kusimamia nyumba za halmashauri zao, ni za kundi linalojulikana kwa kifupi cha ALMO, yaani kampuni ambayo halmashauri huiunda kando yake ili isimamie nyumba zake. Kwa kawaida bodi za kundi hili huwa na wapangaji, lakini mwanachama wa kampuni huwa ni halmashauri peke yake, na kwa hiyo sheria inazifikia.

Mfano wa upande wa pili unauma zaidi. Nyumba za halmashauri ya Kensington and Chelsea jijini London, karibu 10,000, zilikuwa zikisimamiwa na kampuni iliyoundwa mwaka 1996 chini ya haki ya wapangaji ya kujisimamia. Miongoni mwa majengo iliyoyasimamia ni Grenfell Tower, lililoungua tarehe 14 Juni 2017 na kuua watu 72. Nyumba zilikuwa za halmashauri na bodi ilikuwa na watu walioteuliwa na halmashauri, lakini wanachama wa kampuni walikuwa wakazi wenyewe, na kwa sababu hiyo kampuni haikuwa mamlaka ya umma. Kwa maoni yangu hili ni tokeo la ajabu, kwamba mpango uliokusudiwa kuwapa wakazi sauti ndio uliowanyima haki ya kisheria ya kuona nyaraka za msimamizi wao.

Kuchunguza shirika lako liko upande gani si kazi ngumu. Chukua jina kamili la kampuni kutoka kwenye barua, pamoja na namba ya usajili ambayo huandikwa chini kwa herufi ndogo, kisha ulitafute kwenye daftari la Companies House, ambalo linasomeka bure mtandaoni. Ufungue kwanza katiba ya kampuni na kutafuta sehemu inayoeleza nani anaruhusiwa kuwa mwanachama. Ikisema kwamba halmashauri ndiyo mwanachama pekee, umepata jibu. Kisha ufungue hesabu za mwaka, ambazo karibu na mwisho hutaja ni nani mwenye kuidhibiti kampuni. Ukurasa wa watu wenye udhibiti mkubwa usikuridhishe peke yake, kwa sababu unaweza kuonyesha kwamba halmashauri ina asilimia 75 au zaidi ya kura, na asilimia 75 si yote. Usipoikuta kampuni huko, huenda ni chama cha ushirika au cha manufaa ya jamii, na hivyo husajiliwa na mamlaka ya masuala ya fedha, FCA, yenye daftari lake la umma.

Vyama vya nyumba vilivyopokea nyumba za halmashauri kwa kuhamishiwa umiliki wenyewe, ambavyo ni vingi, kwa kawaida viko nje ya sheria hii. Hata pale halmashauri ilipobakiza sehemu ya kura au viti kadhaa kwenye bodi, sehemu hiyo haitoshi.

Jibu likiwa kwamba shirika haliko chini ya sheria, usikate tamaa, kwani mara nyingi njia iliyo bora kuliko zote bado iko wazi. Kifungu cha 3 kinasema kwamba taarifa inayoshikiliwa na mtu mwingine kwa niaba ya mamlaka ya umma inahesabiwa kuwa ya mamlaka hiyo. Ikiwa nyumba bado ni mali ya halmashauri na shirika linazisimamia tu kwa mkataba, kumbukumbu nyingi za ukaguzi na ukarabati zinashikiliwa kwa niaba ya halmashauri, kwa hiyo ombi lipelekwe kwa halmashauri na si kwa shirika. Barua iandikwe kwa Kiingereza, lakini kiini chake kiwe hiki: "Ninaomba nakala ya tathmini ya hatari ya moto ya jengo langu, iwe inashikiliwa na halmashauri yenyewe au na msimamizi wake kwa niaba yake." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoizuia halmashauri kujibu kwamba haina karatasi hizo ofisini. Ni busara pia kuomba mkataba wa usimamizi wenyewe, kwa sababu humo ndimo mlimoandikwa kumbukumbu ni mali ya nani. Njia hii haifai pale nyumba zilipokwisha kuhamishiwa chama cha nyumba, kwa sababu chama hicho kinazishikilia kumbukumbu kwa ajili yake chenyewe.

Kuna pia Kanuni za Taarifa za Mazingira za mwaka 2004, ambazo zinakubali hata ombi la mdomo na zina tafsiri pana zaidi ya mamlaka ya umma, kwani zinaweza kulifikia shirika lililo chini ya udhibiti wa mamlaka nyingine. Zinafaa kwa masuala kama asbesto, kelele au ubomoaji. Hata hivyo, mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya masuala ya utawala iliamua kwamba Poplar HARCA, chama cha nyumba cha mashariki mwa London, hakikuwa mamlaka ya umma chini ya kanuni hizo, kwa hiyo usitegemee mno hoja hii dhidi ya chama cha nyumba cha kawaida. Na kama unachotaka ni faili lako mwenyewe, yaani malalamiko yako, hesabu yako ya kodi na yaliyoandikwa juu yako, swali la umma au binafsi halina nafasi: sheria ya ulinzi wa data inalibana kila shirika, nalo hupaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja.

Ombi la kawaida liwe kwa maandishi, barua pepe ikitosha, lenye jina lako halisi, anwani ya kujibiwa, na maelezo ya taarifa unayoitaka. Taja jengo, aina ya waraka na kipindi. Ombi la "kila kitu kuhusu mtaa wetu" linaweza kukataliwa kwa gharama, kwani halmashauri hailazimiki kutumia zaidi ya pauni 450, zinazohesabiwa kuwa saa 18 za kutafuta. Jibu linatakiwa kutoka haraka, na kwa vyovyote ndani ya siku 20 za kazi. Ukikataliwa, au ukiambiwa kwamba sheria haiwahusu, omba kwanza mapitio ya ndani kwa maandishi, ukinukuu kifungu cha 6 au cha 3 na kuambatisha ukurasa wa katiba ya kampuni unaokuunga mkono. Yakishindikana, peleka malalamiko bila kukawia kwa Kamishna wa Taarifa, ambaye hatozi ada na ambaye ana mamlaka ya kuamua kama shirika ni la umma au la. Asiyeridhika na uamuzi wake ana siku 28 za kukata rufaa kwenye baraza la rufaa.

Wanaoishi Scotland wasitumie hatua hizi kama zilivyo. Huko kuna sheria ya peke yake ya mwaka 2002, na tangu tarehe 11 Novemba 2019 wenye nyumba za kijamii waliosajiliwa wameingizwa ndani yake kwa amri maalumu, bila kujali wanachama wao ni nani; ombi hupelekwa moja kwa moja kwa chama cha nyumba, na malalamiko kwa kamishna wa Scotland.