Kuchagua dumu la petroli la boti: anza na mfuniko

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Nyingi zinazoletwa kwangu kwa kuzima baharini hazina ugonjwa wowote. Petroli imeingia maji, na maji yamepita kwenye mfuniko wa dumu.

Hatua ya 1. Achana na madumu ya njano ya mafuta ya kula. Mfuniko wake haukutengenezwa kuzuia mvuke wa petroli, na juani mvuke huo husukuma sana.

Hatua ya 2. Geuza dumu usome alama zake. Tafuta herufi UN ndani ya duara, kisha 3H1 kwa plastiki au 3A1 kwa chuma. Herufi inayofuata iwe X au Y. Yenye Z si ya petroli. Angalia na mwaka: 24 ni 2024. Dumu la plastiki likipita miaka 5 tangu litengenezwe, kanuni za usafirishaji hazilikubali tena kwa mizigo ya hatari, kwa hiyo bei ya chee isikuvute. Kwa boti nachagua plastiki, maana chumvi hula chuma kuanzia kwenye mshono. Mwenye gari la safari za bara achukue la chuma la lita 20 lenye vishikio vitatu, lile Wajerumani walilolibuni miaka ya 1930.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Fungua mfuniko, bonyeza mpira wake kwa ukucha. Ukibaki na alama, au ukiona nyufa, kataa. Muulize muuzaji kama anauza mipira ya akiba. Kama hana, nenda duka jingine. Usikate mpira wa tyubu ya baiskeli ukauweka badala yake, petroli huuvimbisha na kuulegeza.

Hatua ya 4. Tia maji nusu, funga, lilaze juu ya boksi kavu usiku kucha, maji yaulalie mfuniko. Ukikuta doa asubuhi, rudisha. Likipita, likaushe kabisa, mdomo ukitazama chini.

Hatua ya 5. Sheli, shusha dumu ardhini. Usilijazie ndani ya boti wala juu ya pikapu: umeme tuli hujikusanya, na cheche moja inatosha kuwasha mvuke. Bomba la pampu liguse mdomo wa dumu muda wote. La lita 20 tia 19, petroli ipate pa kutanukia.

Mpira wa akiba uweke kwenye boksi la spana, pamoja na plagi.