Mashini imekunywa chai ao Fanta: namna ya kuosha bodi na kuikausha

Naandika hii juu wameniletea tena laptopu iliyotoka kulala ndani ya mchele. Wandugu, mchele hausaidii. Hauwezi kuvuta maji yaliyojificha chini ya chipsi, na hata ungeweza, sukari ya Fanta ingebaki palepale. Maji yakikauka yanaacha sukari na chumvi, hizo zinavuta unyevu wa hewa, kuran ikipita hapo shaba inaanza kuliwa, ndio unaona ule uchafu wa kijani kwenye miguu ya chipsi. Kwa hiyo kwanza tunaosha bodi (ule ubao wa ndani unaobeba chipsi), halafu ndio tunakausha.

Hatua ya 1: kata kuran

Chomoa sharjeri, kandamiza batani ya kuwasha mpaka izime kabisa, igeuze klaviye iangalie chini. Batri kama inatoka kwa nje, itoe. Kama iko ndani, fungua mfuniko na uchomoe soketi ya batri kabla ya kugusa kitu kingine chochote, hasa kabla ya waya ya ekra, maana kwenye soketi ya ekra waya za kuran ya mwanga ziko jirani sana na za picha, ukivuta waya hiyo wakati batri bado imeunganishwa unaweza kuunguza bodi iliyokuwa nzima. Mashini iliyozimwa bado iko na kuran ndani, kuna laini za volti 3.3 na volti 5 zinazokaa macho zikingoja ubonyeze batani. Na ile tabia ya "niwashe kidogo nione", tafadhali acha. Toa pia kale kabatri kadogo ka duara, CR2032.

Hatua ya 2: fungua yote

Piga picha kabla ya kila visi. Toa RAM, diski, vantilateri, spika, bodi ibaki peke yake. Pasta ya prosesa (ile krimu ya kupitisha joto) ifute, utaweka mpya.

Hatua ya 3: kuosha

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, wacha nieleze polepole.

Wengi wanakimbilia alkoli moja kwa moja. Alkoli ni nzuri kwa mafuta na kwa kufukuza maji, lakini sukari haiyeyuki vizuri ndani yake, na chai ya maziwa ni mbaya zaidi, alkoli inagandisha maziwa yanashika kwenye bodi. Mwanafunzi mmoja aliniletea mashini ya Fanta ambayo yaya yake (ndugu yake mkubwa) alishaipitisha alkoli chupa nzima, kwa macho iko safi inang'aa, lakini ukigusa pembeni ya soketi ya sharjeri kidole kinanata. Akaniuliza, "Yaya, si imekauka?" Imekauka ndiyo, lakini sukari yote iko pale. Sukari inaondolewa na maji.

Sasa maji gani? Si ya robine. Hapa Goma maji yanatoka ziwani, na maji ya Kivu iko na madini mengi, angalia ule unga mweupe ndani ya birika lako, ule ule utabaki kwenye bodi. Tafuta maji yaliyochujwa kwa mvuke, wanayouza kwa batri za magari. Angalia sana chupa! Wauzaji wengi wanaita "maji ya batri" vitu viwili tofauti: maji safi ya kuongezea, na asidi ya kujazia batri mpya. Hizo chupa zinaweza kufanana. Soma maandishi, kama kuna neno asidi ao alama ya hatari, rudisha. Ukishindwa kuwa na uhakika usinunue, asidi itakula bodi na mikono yako.

Pasha maji kidogo, yawe vuguvugu, mimina ndani ya beseni ya plastiki, laza bodi. Chukua brosi ya meno laini (laini kweli, ile ngumu inang'oa vipande vidogo kama kichwa cha sindano na hautavipata tena), sugua kuelekea upande mmoja, hasa kwenye soketi ya sharjeri, soketi za waya bapa za klaviye, na kuzunguka chipsi kubwa. Zile soketi za waya bapa ziko na kimlango, kiinue kwa ukucha, usugue ndani, maana uchafu wa kijani unapenda kukaa pale. Chini ya chipsi kubwa brosi haifiki, kwa hiyo chukua seringi ya famasia, jaza maji, sukuma toka upande mmoja mpaka yatoke upande wa pili. Rudia mpaka maji yanayotoka yasinate ukiyasugua kati ya vidole viwili. Bodi haifi kwa maji safi ikiwa haina kuran, msiogope.

Ekra, diski ya kuzunguka, spika na batri haviingii kwenye beseni hata kidogo.

Hatua ya 4: alkoli

Sasa ndio zamu yake. Mimi napenda izopropili ya asilimia 99, ukikosa, ile ya famasia ya asilimia 90. Ya 70 iko na maji mengi. Yenye rangi ao harufu ya kamfa usichukue, inaacha mabaki. Na ile dawa ya kupuliza ya kulegeza visi vyenye kutu, weka mbali, inaacha mafuta. Pitisha alkoli chini ya chipsi kwa seringi nyingine, isukume maji nje.

Hatua ya 5: kukausha

Vantilateri, ndani ya nyumba, mpaka kesho yake. Nje hapana, hili vumbi letu jeusi la volkano linaingia kila mahali. Sesuari ya nywele tumia kwa hewa baridi tu. Mbabula kamwe, mvuke wa alkoli unashika moto. Harufu ya alkoli ikiisha kabisa unaweza kuweka bodi ndani ya karton na ampuli ya zamani ya wati 60, ile inayotoa joto, isiguse karton, na usitoke nyumbani ukiiacha.

Hatua ya 6: pima ndio uwashe

Multimetre (kifaa cha kupima kuran) kwenye omu, waya mmoja kwenye tundu la visi, mwingine kwenye laini ya sharjeri ya volti 19. Ikikaribia sifuri kuna shoti, usiwashe, peleka kwa fundi. Koili za prosesa zenyewe zinasoma chini sana hata mashini ikiwa nzima, zisikutishe.

Washa kwa sharjeri peke yake, bila batri, kidole karibu na chipsi. Kitu kikiunguza, chomoa. Ikiwaka, jambo la kwanza ni kukopi faili zako zote kwenye kle. Batri iliyovimba ao iliyolowa usiirudishe.

Klaviye mimi siioshi, ni matabaka ya plastiki na sukari inaingia katikati, baada ya muda inaanza kujiandikia yenyewe. Nunua ingine. Ukienda Birere (mtaa wa biashara hapa Goma) beba ile ya zamani mkononi, modeli moja inaweza kuwa na soketi tofauti, na angalia kama mpangilio wa herufi ni AZERTY ao QWERTY kabla ya kulipa.