Miguu kuwaka moto usiku: namna ya kumwanzishia mgonjwa wa kisukari dawa ya amitriptilini

1. Hakikisha ni mishipa ya fahamu. Maumivu yamepita miezi 3, yako miguu yote miwili, yalianzia vidoleni yakapanda kama soksi, na hata shuka likigusa ni adha. Mguu mmoja tu? Kagua kwanza mgongo na mapigo ya damu mguuni. Uliza pombe, VVU, isoniazidi ya kifua kikuu (anapewa vitamini B6?) na metformini, dawa ya kisukari, ya miaka mingi, maana hushusha vitamini B12.

2. Pima hisia. Huna monofilamenti ya gramu 10 (uzi wa plastiki wa kupimia hisia za mguu), tumia ncha ya kidole chako: akiwa amefumba macho, gusa taratibu, bila kukandamiza, kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote. Akikosa 2 au zaidi kati ya 6, hisia zimepungua.

3. Andika alama ya maumivu, 0 hadi 10. Andika pia kinachomshinda: kulala, kusimama kuswali, kwenda sokoni. Mimi huamini hiki kuliko alama.

4. Futa diklofenaki, ile ya kutuliza maumivu. Haisaidii hapa, na figo za mwenye kisukari haziitaki.

5. Amitriptilini. Hapa ndipo wengi hukwama, na kosa si la dawa. Kwanza uliza tezi dume, glakoma na moyo: anayekojoa kwa shida, mwenye presha ya macho au mapigo yasiyo sawa, usimpe. Anza na 10 mg. Kama kuna vidonge vya 25 mg tu, nusu. Ameze saa 2 usiku, si anapopanda kitandani, la sivyo asubuhi ataamka amelewa usingizi. Ongeza kidogo kila wiki 1 hadi 2, usivuke 75 mg. Mwambie mapema: "Mama, utasikia dawa hii ni ya sonona. Kwako ni ya mishipa. Mdomo utakauka. Usingizi utatangulia, maumivu yatapungua baada ya wiki kadhaa. Usimeze siku ya kuumwa tu." Usipoyasema, siku ya tatu dawa iko jalalani. Mzee akae kidogo kitandani kabla ya kwenda msalani. Presha hushuka anaposimama. Mwenye mawazo ya kujiua usimpe vidonge vingi, vikizidishwa vinaua.

6. Arudi wiki ya 2, kisha ya 6. Nafuu ya asilimia 30 inatosha kuendelea. Ikikosekana, mpe gabapentini, dawa nyingine ya maumivu ya mishipa, 300 mg usiku, baada ya kuona kreatinini (kipimo cha figo). Tramadoli, dawa kali ya maumivu, usiichanganye na amitriptilini: inaweza kuleta degedege.

7. Akague nyayo kila jioni, asitembee peku, asiloweke miguu kwenye maji ya moto wala ya barafu.