Kubadilishana nafasi za matairi: lipi liende wapi, na kwa jeki moja

Kwenye gari kama Toyota Vitz au IST, matairi ya mbele ndiyo yanayovuta, yanayokata kona na yanayobeba sehemu kubwa ya breki, na injini nayo imeyakalia. Ya nyuma yanafuata tu. Usipoyahamisha, ya mbele yatabaki vipara huku ya nyuma yana kashata (meno ya tairi) nzuri. Yahamishe kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Ukimwaga oili kila 5,000, basi ni kila umwagaji wa pili.

Kabla ya jeki, pitisha kiganja juu ya kashata. Zikiwa zimelika pembe zote mbili, upepo ulikuwa mdogo; zikilika katikati, ulizidi. Upande wa ndani peke yake, ni alaimenti (mwelekeo wa magurudumu). Mabonde mabonde, angalia shokapu na balansi. Tengeneza hayo kwanza, la sivyo utapeleka tairi zima likaliwe palepale.

Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele: ya mbele yarudi nyuma upande uleule, ya nyuma yaje mbele kwa kupishana, la kulia kushoto na la kushoto kulia. Linalosukumwa na ya nyuma, kama Hiace, au linaloendeshwa na magurudumu yote manne: kinyume chake, ya nyuma yaje mbele moja kwa moja, ya mbele yapishane kwenda nyuma. Matairi yenye mshale ubavuni hayapishani. Hubadilishana mbele na nyuma upande uleule tu. Saizi za mbele na nyuma zikitofautiana, acha.

Egesha pagumu, tambarare. Vuta handibreki, weka gia P, zuia magurudumu kwa mawe. Legeza nati nusu mzunguko tairi likiwa bado chini. Likishanyanyuliwa litazunguka nawe, na gari linaweza kudondoka kwenye jeki.

Jeki moja na spea vinatosha. Kwa Vitz: toa la mbele kushoto, funga spea mahali pake. Ulilolitoa liende nyuma kushoto. La hapo liende mbele kulia. La mbele kulia liende nyuma kulia. Lililotoka huko lirudi mbele kushoto, na spea itoke. Kila safari unanyanyua kona moja tu, na hakuna haja ya kuingia chini ya gari. Spea nyembamba hufaa kusimamia hapo, si kuendeshea safari ndefu.

Habu (kitovu ambacho rimu hukaa juu yake) yenye kutu isugue kwa brashi ya chuma, maana kutu ikibanwa kati yake na rimu, nati hulegea baadaye. Usipake oili kwenye stadi (skrubu za habu zinazoshika nati). Anza kila nati kwa vidole hadi ikae, kisha kaza kwa kuruka, ya pili iwe mkabala na ya kwanza, na umalizie gari likiwa chini. Toyota ndogo nyingi huhitaji Nm 103 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kurukia spana kwa miguu, au kumwachia fundi mashine ya upepo hadi mwisho, huvuta stadi na huweza kupindisha diski ya breki; siku utakayopata pancha njiani, nati hizo hazitafunguka.

Mwisho ni upepo. Vipimo vya mbele na nyuma huenda vikatofautiana, kwa hiyo jaza upya kwa kipimo cha stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, matairi yakiwa ya baridi. Baada ya kilomita 80 hadi 100, kaza nati tena.