Kabla Hujahama Mtandao: Kusanya Ushahidi Ungali Mteja

Anayedaiwa pesa zisizo zake baada ya kuhama kampuni ya simu mara nyingi haki anayo, ila karatasi hana. Laini ya zamani imezimwa na meseji zimefutika. Programu ya kampuni haimfungulii tena, na akipiga simu anaulizwa namba ya akaunti ambayo hakuiandika popote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kazi ya kubishana na bili huanza kabla ya kuhama, wakati kampuni ingali inakuhesabu mteja wake.

Kwetu Lamu jambo hili lina uzito wake. Mtu wa Faza au Kizingitini ana wakala wa vocha jirani, lakini wakala haoni ankara ya mtu wala hawezi kuirekebisha. Akitaka kukaa uso kwa uso na mfanyakazi wa kampuni, lazima apande boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu, na pengine avuke hadi Mokowe bara ashike njia ya Malindi. Nauli huenda ikazidi deni lenyewe, na ndiyo sababu wengi hulipa tu wakanyamaza. Mimi sipendi kuona hivyo.

Amua kwanza unahama vipi. Tangu Aprili 2011 Kenya inamruhusu mteja kuhamia mtandao mwingine na namba yake ile ile. Kinachohama ni namba. Salio la vocha halikufuati, wala bando, wala pointi ulizojikusanyia, wala pochi ya pesa. M-Pesa ni ya Safaricom. Ukienda Airtel na namba yako, huko utafungua Airtel Money upya. Basi toa pesa zote au zitume mahali salama kabla ya kuomba kuhama, na salio la vocha litumie liishe. Usije ukalidai baadaye kana kwamba umeibiwa, maana hapo kampuni itakuwa na jibu.

Walio wengi hata hawahami na namba. Hununua laini mpya, wakaiweka ya zamani kwenye tundu la pili la simu au ndani ya droo. Hawa ndio hukatwa sana, kwa sababu laini ya zamani ingali hai na kila huduma iliyofungwa juu yake inaendelea kula. Fungua orodha ya huduma ulizojiunga nazo uzifute moja moja: milio ya kumwimbia anayekupigia, matokeo ya mpira, dua na hadithi za kila asubuhi, bando linalojinunua lenyewe. Nyingine mtu alijiunga kwa kubonyeza kidole tu bila kujua. Zima pia matumizi ya intaneti nje ya bando. Ukimaliza, piga picha ya skrini ya kila meseji inayosema umejiondoa, tarehe ionekane.

Halafu madeni madogo. Mkopo wa salio kama Okoa Jahazi huja na ada ya asilimia 10, na hukatwa vocha inapoingia. Huo ni mwepesi. Fuliza, yaani mkopo unaojazia pesa zinapopungua kwenye M-Pesa, ni jambo jingine. Ilianzishwa mwaka 2019, na nyuma yake zipo benki, NCBA na KCB. Kuhama mtandao si kuihama benki. Ukiacha deni la shilingi mia tatu kwenye laini uliyoitupa, ada za kila siku zinaweza kulipandisha, nawe huoni hata meseji moja ya kukukumbusha kwa kuwa kadi iko droo. Lipa, subiri meseji ya kuonyesha huna deni, kisha omba taarifa ya miamala ya miezi ya karibuni. Inakuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa namba ya siri. Ihifadhi pamoja na namba hiyo. Asiye na barua pepe atumie ya mtoto wake au ya jirani anayemwamini, lakini nakala moja aichapishe abaki nayo nyumbani.

Penye ugomvi mkubwa ni laini za mkataba na rauta za wai-fai. Nyumba za wageni za Shela, na za Malindi upande wa Casuarina, haziwezi kukaa bila intaneti, na wenye nyumba hubadilisha kampuni kila wanapoona ofa. Kabla ya kubadilisha, tafuta mkataba wenyewe, si tangazo. Angalia mambo manne: mkataba unaisha lini, taarifa ya kuondoka hutolewa siku ngapi kabla, kuna faini gani ya kuondoka mapema, na rauta ni yako au ya kuazima. Kisha andika barua ya kuvunja mkataba, uitume kwa njia inayoacha alama, yaani barua pepe au barua inayogongwa muhuri wa kupokelewa. Kumwambia kwa mdomo fundi aliyekuja kufunga dishi hakutakusaidia. Ukirudisha rauta, piga picha ya namba iliyoandikwa chini yake na udai risiti ya kuirudisha. Rauta iliyorudishwa bila risiti ni rahisi kudaiwa bei yake nzima, na hapo ni neno lako dhidi ya kompyuta yao.

Tuseme malipo ni shilingi 3,000 kwa mwezi na umeondoka tarehe 10 katika mwezi wa siku 30. Kama mkataba unahesabu kwa siku, unadaiwa 1,000. Kama unasema mwezi ukianza unalipwa wote, unadaiwa 3,000, upende usipende. Na kama unadai notisi ya siku 30, bili ya mwezi unaofuata inaweza kuwa halali hata kama rauta ilishazimwa. Hesabu hii ifanye kabla ya kusaini na kampuni mpya, uone kama ile ofa bado ni nafuu. Mara nyingine kungoja wiki tatu mkataba ufike mwisho kunakuokoa pesa zaidi ya ofa yenyewe.

Jua pia lisilobishiwa. Ndani ya bei ya simu na intaneti kuna kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16, na ushuru wa bidhaa ambao sheria ya fedha ya 2023 iliushusha kutoka asilimia 20 hadi 15. Sheria hiyo hiyo ilipandisha ushuru kwenye ada za kutuma pesa kwa simu kutoka 12 hadi 15. Mtu anayechanganya kodi na makato ya dhuluma katika lalamiko moja hupoteza nguvu ya lile la kweli. Chukua kalamu, weka alama kwenye kila mstari wa bili, na bishana na ile tu unayoweza kuieleza.

Ikishafika bili isiyo haki, lipa sehemu usiyobishana nayo, na uandike kwamba iliyobaki unaipinga. Ukipiga simu, usikate kabla ya kupewa namba ya kumbukumbu: "Mwanangu, nipe namba ya lalamiko langu niandike, na jina lako la kwanza." Sema kwa upole, lakini usikubali kuambiwa "tutakupigia" ukaridhika. Siku hiyo hiyo andika barua fupi: namba ya simu au akaunti, tarehe uliyohama, kiasi unachopinga, sababu, na unachotaka, iwe kurudishiwa au kufutiwa. Ambatisha zile picha. Kama hukuzihifadhi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba habari zako walizo nazo, hata kama umeshaondoka kwao.

Sheria iko upande wako kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo ya kutosha na kufidiwa hasara. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inasema maneno ya mkataba yakiwa na utata yafasiriwe kwa manufaa ya mtumiaji, na huduma ambayo hukuiomba hulazimiki kuilipia. Yataje haya katika barua kwa sentensi moja, bila kutisha mtu.

Kampuni ikinyamaza au ikikataa, nenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Itakuuliza kwanza kama uliilalamikia kampuni, na hapo ile namba ya kumbukumbu ndiyo tiketi yako. Pwani wana ofisi Mombasa, lakini lalamiko linapokewa kwa maandishi, huna haja ya kusafiri. Kiasi kikiwa kikubwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 bila kulazimisha wakili, na sheria yake inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60.

Miezi michache baada ya kuhama, omba ripoti yako kwa kampuni za taarifa za mikopo, ambazo Kenya ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja bure kila mwaka. Fanya hivyo hata kama hakuna aliyekupigia simu kukudai, kwa sababu deni lisilo lako huweza kukaa humo kimya mpaka siku unapoomba mkopo wa kununua mashine ya boti, benki ikakukatalia. Ukikuta kosa, lipinge kwa maandishi kwao na kwa kampuni iliyopeleka jina lako huko, na uambatishe taarifa ile ya kuonyesha kuwa ulilipa.