Kabla ya Kukaa Kuisoma Katiba ya Uganda

Kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, tazama kitabu chako kimechapwa mwaka gani. Mwaka juzi hapa Busia tulikaa kwenye mabenchi ya steji, vijana wa bodaboda na mama anayetuuzia chai, tukabishana saa nzima kuhusu mihula ya rais. Kumbe msomaji wetu ameshika nakala ya 1995, jalada limelowa chai, na mpinzani wake anasoma kwenye simu nakala yenye marekebisho. Kila mmoja alikuwa anasoma sawasawa kilichoandikwa mbele yake. Marekebisho ya 2005 yaliondoa ukomo wa mihula, na ya 2017 yakaondoa ukomo wa umri wa rais, kwa hiyo nakala isiyoyafikia hayo haikuambii sheria ya leo.

La pili ni lugha. Tangu 2005, ibara ya 6 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na ibara ya 4 inaitaka dola kuitafsiri Katiba katika lugha za Uganda. Lakini kitabu utakachokikuta mtaani mara nyingi ni cha Kiingereza. Mtafuteni mapema wa kuwafasiria, naye apewe sehemu yake aisome usiku wa kuamkia kikao. Kufasiri papo kwa papo kunachosha, na penye ugumu watu huruka.

Halafu jueni ilikotoka. Hapa msipite haraka. Katiba ya uhuru ya 1962 iliupa ufalme wa Buganda madaraka ya kishirikisho ndani ya nchi moja. Mwaka 1966 waziri mkuu Milton Obote akaisimamisha, na Aprili mwaka huo wabunge wakapitisha nyingine bila kuijadili. Waliambiwa nakala zao watazikuta kwenye vishubaka vyao vya barua, na vishubaka hivyo ndivyo vilivyoipa jina la utani, “Katiba ya vishubaka”. Ya 1967 ikafuta falme zote. Ukishayajua hayo, utaelewa kwa nini utangulizi wa Katiba ya sasa unaanza kwa kukumbuka historia ya misukosuko, na kwa nini safari hii watu waliulizwa kwanza. Tume ya Jaji Benjamin Odoki ilipokea maoni ya maandishi zaidi ya 25,000, kisha Bunge la Katiba lenye wajumbe 284 likajadili hadi Katiba ikatangazwa tarehe 8 Oktoba 1995. Walioandika maoni hayo wengine bado wako hai. Kama kijijini kwenu yupo mmoja, mwalikeni.

Misingi yenyewe si mingi. Ibara ya 1: mamlaka yote ni ya wananchi. Ya 2: sheria au mila inayopingana na Katiba ni batili. Ya 20: haki za mtu amezaliwa nazo, hakupewa na dola. Mkizielewa hizo tatu, zilizobaki zitasomeka.

Mimi ningeongeza moja ambayo watu huisahau: ulizeni ibara ipi ina kufuli ngapi. Kuibadili ibara ya 1, kwa mfano, kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote na pia kura ya maoni ya wananchi. Ukomo wa mihula haukuwekwa kwenye orodha ya ibara zinazohitaji kura ya maoni, ndiyo maana kura za bungeni zilitosha kuuondoa.

Mwisho, kila mtu aje na swali lake moja, la kwake mwenyewe. Siku ile mama wa chai alikuwa na lake: kijana wake aliwahi kulala ndani siku nne bila kufikishwa kortini. Tukamfungulia ibara ya 23. Mtu aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, na kama hajaachiwa, afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Akaazima kalamu, akapiga mstari chini ya hiyo 48, akauliza, “Hizo saa zinaanza wapi, barabarani walipomshika au kituoni walipomwandika?”

Msomaji akarudi juu kwa kidole, taratibu. Zinahesabiwa tangu kukamatwa.