Jinsi ya Kumpima Jongoo Mkubwa Bila Kumdhuru

Mvua za kwanza zinapolowesha majani makavu chini ya mikorosho, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba, majongoo hujitokeza kwa wingi huku Lindi, hasa kuelekea uwanda wa juu wa Rondo. Anayesifika kwa ukubwa ni yule ambaye wataalamu humwita Archispirostreptus gigas, anayeishi katika nyanda za chini za Afrika Mashariki na anayeweza kufikia urefu wa sentimita 33 na ushee. Mwongozo huu unaeleza namna ninavyompima na kuliandika umbo lake.

Hatua ya kwanza: vifaa. Andaa rula, daftari, simu yenye kamera, chombo cha plastiki angavu chenye kitako bapa, na ung'ongo mrefu. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na ung'ongo wake. Katika kazi hii ung'ongo hautupwi, kwa maana ndio utakaopimia.

Hatua ya pili: kumshika. Toka jioni, au asubuhi baada ya mvua. Mpitishie kiganja mbele yake apande mwenyewe. Akijikunja kama mkeka uliokunjwa, msubiri, usimkunjue kwa nguvu. Ubavuni ana matundu madogo yanayotoa majimaji yenye kuwasha, ambayo huacha doa la kahawia kwenye ngozi na huumiza sana yakiingia machoni, kwa hiyo usijiguse uso kabla ya kunawa kwa sabuni.

Hatua ya tatu: urefu na unene. Anapotembea akiwa amenyooka, lalisha ung'ongo mgongoni kuanzia kichwani hadi mkiani, uutie alama, kisha uusome kwenye rula. Uzungushe pia katikati ya mwili: kwa jongoo aliyekomaa kabisa, mzingo unaweza kukaribia sentimita 7. Andika na rangi, ambayo aghalabu ni nyeusi inayong'aa au kahawia iliyoiva. Vidudu vidogo vinavyotembea juu ya gamba lake ni utitiri, si sehemu ya mwili wake, ingawa wanaoanza kazi hii huviandika kama madoa.

Hatua ya nne: pingili na miguu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hujaribu kuhesabu miguu inayotembea kama mawimbi. Mweke ndani ya chombo angavu, kiinue, umpige picha kutokea chini, kisha uhesabu kwa utulivu ukiikuza picha. Pingili ya kwanza nyuma ya kichwa haina miguu. Chache zinazofuata zina jozi moja au pungufu, na zilizobaki zina jozi mbili kila moja, kwa kuwa kila pingili hiyo ni pingili mbili zilizoungana. Hilo ndilo linalomtenga na tandu, ambaye ni bapa, hukimbia, huuma, na ana jozi moja tu kwa kila pingili. Karibu na mkia utaona pingili ambazo bado hazijaota miguu, usizijumlishe. Utasikia kwamba jongoo huyu ana miguu 256, lakini mimi siichukui idadi hiyo kama sheria: mtoto wa jongoo huanza na jozi tatu tu, na pingili na miguu huongezeka kila anapojivua gamba.

Hatua ya tano: dume au jike. Tazama pingili ya saba kwenye picha ileile. Jike ana miguu mfululizo. Kwa dume utakuta pengo, kwa kuwa miguu ya hapo imegeuka kuwa viungo vya kujamiiana vilivyofichwa ndani ya mwili. Umbo la viungo hivyo ndilo wataalamu wanalolitegemea zaidi kutofautisha spishi, kuliko rangi au urefu. Kwa sababu hiyo, katika daftari langu huandika "jongoo mkubwa, dume" au "jongoo mkubwa, jike", na nafasi ya jina la kitaalamu huiacha wazi mpaka dume achunguzwe. Kisha humrudisha chini ya majani yaleyale nilikomtoa.